x Siyo Adui: Aljebra Inavyofanya Kazi, na Pale Wanafunzi Wengi Wanapojikwaa

Yupo mwanafunzi anayemaliza darasa la saba akiwa moto kwenye hesabu. Kujumlisha, kutoa, sehemu, asilimia, vyote anavipiga bila shida. Anaingia kidato cha kwanza, na kabla muhula haujaisha ameshaanza kusema "mimi hesabu siziwezi".

Kilichobadilika ni nini? Mara nyingi ni herufi moja tu: x.

Kwa Tanzania, herufi hiyo inakuja wakati mbaya. Aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anaikuta darasani siku zile zile lugha ya kufundishia imehamia Kiingereza. Anapambana na mambo mawili kwa mpigo, maneno mageni na wazo geni. Akikosa swali, hakuna anayejua kama kakwama kwenye hesabu au kwenye lugha, na yeye mwenyewe anaishia kuamini kwamba hana kichwa cha hesabu. Hapa chini ni wazo lenyewe, kwa Kiswahili, linalomfaa mwanafunzi na hata mzazi aliyeacha daftari miaka mingi iliyopita.

x ni namba iliyojificha

Umemtuma mtoto dukani na shilingi 10,000 akanunue kilo tatu za sukari. Amerudi na sukari na chenji shilingi 1,000. Kilo moja kauziwa bei gani?

Hakuna anayehitaji kalamu hapo. Elfu kumi toa elfu moja, inabaki elfu tisa. Gawa kwa tatu, unapata elfu tatu. Kilo ni shilingi 3,000.

Hiyo tayari ni aljebra. Mwalimu anachoongeza ni kuiandika tu. Bei ya kilo moja huijui, basi ipe jina la muda, iite x. Kilo tatu zitakuwa 3x, yaani 3 zidisha x (alama ya kuzidisha inaachwa, maana ingechanganya na x yenyewe). Ukijumlisha na chenji, unarudi kwenye pesa uliyotoa:

3x + 1,000 = 10,000

Maandishi ya namna hii yenye alama ya "sawa na" katikati yanaitwa mlinganyo. Kutafuta thamani ya x ni kufanya kile kile ulichofanya kichwani: ondoa 1,000, kisha gawa kwa 3.

Na wala siyo kitu kipya. Watoto wa darasa la pili wanajaza 5 + ☐ = 9 kila siku. Kile kiboksi ndicho x. Kimepewa herufi kwa sababu mbele ya safari kutakuwa na namba mbili au tatu zisizojulikana ndani ya swali moja, na viboksi vinafanana, huwezi kujua kipi ni kipi.

Herufi siyo embe

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa mapema, na wanaowapoteza wana nia njema kabisa.

Ili kueleza kwamba 3a + 2a ni 5a, kuna walimu husema: "Maembe matatu ukiongeza maembe mawili, unapata maembe matano." Inaeleweka haraka. Na ukiuliza 3a + 2b, mtoto anajibu maembe matatu na ndizi mbili havichanganyiki, yanabaki hivyo hivyo. Safi.

Tatizo linakuja wiki mbili baadaye kwenye a × a. Embe mara embe ni nini? Hakuna kitu kama hicho.

Ukweli ni kwamba herufi haisimami badala ya kitu, inasimama badala ya namba. a inaweza kuwa bei ya embe, uzito wa embe au idadi ya maembe, lakini siyo embe lenyewe. Ndiyo maana inazidishwa na kugawanywa kama namba nyingine yoyote. Kama a ni 4, basi a × a ni 16, na 3a + 2a ni 12 + 8, yaani 20, ambayo ndiyo 5 mara 4.

Kosa hili halina umri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi swali hili: chuoni kuna wanafunzi mara sita ya maprofesa. Andika mlinganyo, S ikiwa idadi ya wanafunzi na P idadi ya maprofesa.

Zaidi ya theluthi moja walikosa, na kosa lililojirudia sana lilikuwa 6S = P. Jaribu mwenyewe kuona kama na wewe ulikuwa unaelekea huko.

Waliokosa walisoma sentensi kutoka kushoto kwenda kulia na kuifanya S kuwa "mwanafunzi" badala ya "idadi ya wanafunzi". Wakaona picha ya wanafunzi sita wamemzunguka profesa mmoja. Lakini weka namba. Kama maprofesa ni 10, wanafunzi ni 60. Ukiandika 6S = P, unasema 6 mara 60 ni 10, kitu ambacho hakiwezekani. Ili pande zilingane, ni hao wachache wanaozidishwa: S = 6P.

Alama ya = siyo "jibu ni"

Mwulize mtoto wa shule ya msingi ajaze: 8 + 4 = ☐ + 5. Wengi watajaza 12. Wengine watajaza 12 halafu waongeze = 17 mwishoni, wakiwa na furaha kabisa.

Wamefundishwa bila kukusudia kwamba = ni kengele inayosema "andika jibu sasa". Kwenye hesabu za kawaida hilo halileti madhara. Kwenye aljebra linaua.

Maana yake halisi ni kwamba kilichopo kushoto na kilichopo kulia vina thamani moja. Kushoto kuna 12, kwa hiyo kulia lazima pafike 12, na kiboksi ni 7.

Fikiria mizani ya mawe ya sokoni, ile yenye sahani mbili. Ikiwa imetulia sawa, unaruhusiwa kufanya chochote mradi ukifanye pande zote mbili. Ondoa jiwe la nusu kilo kushoto, ondoa nusu kilo kulia, bado imetulia. Gusa upande mmoja tu, inalala. Sheria zote za kutatua milinganyo zimetoka kwenye mizani hiyo.

Alama yenyewe ina mwenyewe. Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati kutoka Wales, aliichapisha kitabuni mwaka 1557 kwa kuchoka kurudia maneno "ni sawa na" kila mstari. Alichagua vistari viwili vinavyokwenda sambamba kwa maelezo kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo.

Jina limetoka Baghdad, na nusu yake ipo kwenye Kiswahili

Takriban mwaka 820, mtaalamu aitwaye Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu mjini Baghdad wakati wa utawala wa Khalifa al-Ma'mun. Jina la kitabu hicho lilibeba maneno mawili ya Kiarabu, al-jabr na al-muqabala. La kwanza ndilo lililozaa "aljebra". La pili mzungumzaji wa Kiswahili analijua bila kufundishwa: ni mkabala, kukaa uso kwa uso.

Kwa Kiarabu, jabr ni kurejesha kilichopungua au kilichovunjika. Hadi Hispania, neno lililotokana nalo liliwahi kutumika kwa mtu anayeunga mifupa. Kwenye hesabu maana yake ni hii: ukikuta 5x − 2,000 = 8,000, upande wa kushoto umepungukiwa 2,000. Urejeshee, na upande wa pili uupe kiasi hicho hicho. Unabaki na 5x = 10,000, na x ni 2,000.

Al-muqabala ni kuviweka vitu vya pande mbili mkabala na kuondoa vinavyofanana, kama wafanyabiashara wawili wanaodaiana wanavyokata deni kwa deni.

Cha kushangaza, al-Khwarizmi hakutumia x. Aliandika yote kwa maneno, na namba isiyojulikana aliiita "kitu". Sehemu kubwa ya kitabu chake ni maswali ya mirathi, nani apate nini katika mali ya marehemu. Herufi x, y na z kwa vitu visivyojulikana zilizoeleka baadaye sana, kutokana na maandishi ya jiometria ya Mfaransa René Descartes ya mwaka 1637. Na kwa mtu anayeshinda kwenye simu: neno "algorithimu", linalosemwa kila TikTok inapokuletea video, limetokana na jina la huyo huyo al-Khwarizmi.

x ikiwa pande zote mbili

Mwanafunzi anataka kutoa kopi. Steshenari ya kwanza inachaji shilingi 100 kwa ukurasa. Ya pili inachaji shilingi 50 kwa ukurasa, lakini lazima ulipie na jalada, shilingi 1,000. Aende wapi?

Inategemea kurasa ni ngapi, na hiyo ndiyo x. Tafuta kwanza idadi ambayo bei zinalingana:

100x = 50x + 1,000

Weka mkabala. Pande zote zina 50x ndani yake, ziondoe kote. Inabaki 50x = 1,000. Gawa kwa 50, x = 20.

Kurasa 20, maduka yote ni shilingi 2,000. Chini ya hapo la kwanza ni nafuu. Juu ya hapo nenda la pili: kurasa 30 ni shilingi 3,000 kwa la kwanza na 2,500 kwa la pili. Vifurushi vya simu unaweza kuvilinganisha kwa njia hiyo hiyo.

"Ukivuka, badili alama"

Huu ni msemo wa darasani. Kwenye x + 5 = 12, tano "inavuka" kwenda kulia na kuwa −5, unapata x = 7. Jibu ni sahihi. Ila hakuna kilichovuka. Umetoa 5 pande zote mbili; kushoto imeisha, kulia imeonekana kama −5.

Aliyekariri kuvuka bila kujua kilichotokea ataumbuka hapa: 3x = 12. Anaivusha 3, anabadili alama, anaandika x = 12 − 3, yaani 9. Lakini 3 mara 9 ni 27, siyo 12. Ile 3 haikujumlishwa na x, imezidishwa. Kinachofuta kuzidisha ni kugawanya, kwa hiyo x = 4.

Swali la kujiuliza kila hatua ni moja: x imefanywa nini? Kilichofanywa mwisho ndicho kinachofunguliwa kwanza, kama viatu na soksi. Asubuhi ulivaa soksi kisha kiatu. Jioni huwezi kuanza na soksi.

MAGAZIJUTO ina mtego

Karibu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Inasaidia sana. Ila ukiifuata kwa upofu itakuangusha kwenye swali dogo kama 10 − 4 + 3.

MAGAZIJUTO inasema jumlisha kabla ya kutoa. Ukifanya hivyo, 4 + 3 ni 7, na 10 − 7 ni 3. Jibu hilo siyo sahihi. Jibu ni 9.

Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Unavifanya kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha nako ni hivyo hivyo. Au fikiria mfukoni: una 10, umetumia 4, umeokota 3. Hakuna anayesema amebaki na 3.

Mabano na soda

Marafiki watatu wameingia kwenye banda la chipsi. Kila mmoja kachukua sahani ya chipsi ya shilingi x na soda ya shilingi 1,000. Bili yao ni 3(x + 1,000).

Ukifungua mabano, 3 inazidisha kila kilichomo: 3x + 3,000. Anayeandika 3x + 1,000, na ni wengi, amelipia chipsi za watu watatu na soda ya mtu mmoja. Mwenye banda hatakubali.

Alama ya kutoa mbele ya mabano ndiyo inayotesa zaidi. Shati lina bei ya shilingi x, muuzaji kapunguza 500, umempa 10,000. Chenji yako ni 10,000 − (x − 500). Ukifungua inakuwa 10,000 − x + 500. Mbona kutoa kumegeuka kujumlisha? Kwa sababu punguzo linaongeza chenji yako. Kama x ni 7,000, umelipa 6,500 na chenji ni 3,500. Ukiandika −500 utapata chenji 2,500, na shilingi 1,000 zako zitabaki kwa muuzaji.

x inayobadilika, na mkataba wa bodaboda

Mpaka hapa x imekuwa namba moja iliyojificha. Kuna matumizi mengine ambapo x haijifichi, inabadilika, na hapo ndipo aljebra inapogusa maisha ya vijana wengi. Kwa madereva wa bodaboda, neno "hesabu" lenyewe ni ile pesa inayopelekwa kwa bosi kila siku.

Chukua mfano. Kijana anapewa pikipiki ya mkataba. Anatoa kianzio shilingi 300,000, kisha analeta 10,000 kila siku. Baada ya siku x, jumla aliyolipa ni:

300,000 + 10,000x

Ni mstari mmoja, lakini una majibu ya mkataba mzima ndani yake. Siku 30, weka 30 badala ya x: shilingi 600,000. Siku 100: 1,300,000.

Sasa bosi anasema, "Kila siku kwa mwaka mzima, halafu chombo chako." Maneno mepesi kumeza. Weka 365: kijana atakuwa amelipa shilingi 3,950,000. Kama walikubaliana kwamba pikipiki itamgharimu jumla ya milioni tatu, ugeuze mstari uwe mlinganyo:

300,000 + 10,000x = 3,000,000

Toa 300,000 pande zote, gawa kwa 10,000. x = 270. Kati ya siku 270 na siku 365 kuna siku 95, na kila moja ni elfu kumi. Hiyo ni shilingi 950,000. Huenda bosi ana sababu zake, bima, hatari ya chombo kuibwa, faida ya kungoja. Lakini kijana anayeiona namba hiyo kabla ya kusaini anaweza kuizungumzia. Anayeigundua mwezi wa kumi hana cha kusema.

Kuhusu programu za kupiga picha swali

Siku hizi unaelekeza kamera ya simu kwenye mlinganyo, na programu kama Photomath inakuletea jibu pamoja na hatua zake. Ni msaada mzuri kwa anayeitumia kukagua kazi aliyokwishaifanya. Kwa anayeanza nayo ni hasara, maana chumba cha mtihani hakiruhusu simu, na mkataba wa bodaboda hauji ukiwa mlinganyo tayari. Kazi ngumu ni kutoa x kwenye maneno, na hiyo kamera ya mlinganyo haikufundishi.

Kukagua, kwa kweli, hakuhitaji hata programu. Rudisha jibu lako kwenye swali la mwanzo. Pande zikilingana, umepata. Zisipolingana, kuna mahali umeteleza, na umejua kabla ya mwalimu.

Jaribu haya matatu bila simu

Moja: 4x + 7 = 31.

Mbili: 2(x − 3) = x + 5.

Tatu: Baba ana umri mara nne ya mwanawe. Baada ya miaka 20, atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi sasa?

Majibu: La kwanza x = 6. La pili x = 11. La tatu, mtoto ni x na baba ni 4x, kwa hiyo 4x + 20 = 2(x + 20), na mtoto ana miaka 10, baba 40. Baada ya miaka 20 watakuwa na 30 na 60. Aliyesahau mabano akaandika 4x + 20 = 2x + 20 atapata x = 0, yaani mtoto aliyezaliwa leo, na baba yake naye kazaliwa leo.